Wanawake Waliopika Chumvi

Parokia yetu ya Jette, huku Ulaya, ilitaka kijitabu cha kuwaeleza watoto walikotoka wazazi wao. Ukurasa wa wilaya moja ya mashambani, kusini mwa Katanga, uliniangukia mimi niliyeacha shule darasa la sita. Niliwahi kuizunguka wilaya ile kwa baiskeli nikiuza sabuni, na popote nilipofika niliuliza maswali kupita kiasi.

Niliandika shaba ya zamani iliyoyeyushwa katika tanuri za udongo wa kichuguu. Niliandika uyoga wa mvua za kwanza na asali ya porini. Kwa habari za chumvi nilikwenda mtaa wa jirani, Ganshoren, kwa maman mmoja aliyezaliwa kando ya bwawa la chumvi. Macho yake yamefifia na kusoma hajui, lakini kazi ya mama yake anaikumbuka yote: kukata majani ya bwawani, kuyachoma, kumwagia maji majivu yake ndani ya kibuyu kilichotobolewa, kisha kuchemsha maji yale mpaka chumvi ibaki chunguni. Watu walitembea siku kadhaa kuifuata. Nimeona viwanda vingi Ulaya. Hakuna kilichonistaajabisha kama kibuyu kile.

“Wajukuu wangu banasemaka kwetu ni mashimo ya madini tu,” aliniambia. “Andika mama yangu alifanya nini.”

Jumamosi asubuhi nilichukua nakala zilizokwisha kuchapwa, za kugawa kesho yake baada ya misa, nikapita kwake kumsomea. Nilipofika kwenye “wanawake walichimba chumvi”, akainua mkono.

“Nani alichimba?”

“Ni namna ya kusema, maman.”

“Bon. Na mukate, unauchimbaka?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Munyu tunaipikaka, papa. Ulizunguka kwetu kote na baiskeli, alafu umeniletea shimo.”

Nikampigia simu tonton, mzee wetu wa Koekelberg aliyechapa, nikamwomba achape upya. “Karatasi imeisha,” akasema. “Kuchimba, kupika, yote si kazi?”

Maman alikuwa amesikia. “Muambie akuje kuchimba chakula yake kwangu,” akasema, kisha akanigeukia. “Lete kalamu. Nionyeshe hilo neno.”

Nikakiweka kidole chake juu ya “walichimba”. Akavuta mstari polepole, kama mtu anayekata kitambaa kizuri. Juu yake nikaandika “walipika”. Tukachukua nakala ya pili, halafu ya tatu. Kahawa ikapoa. Nilipojitolea kukata mistari mwenyewe ili tumalize upesi, aliusukuma mkono wangu.

“Wewe ya kwako ni kuandika.”

Tulizimaliza zote. Mistari mingine ilipinda ikafuta hata neno la jirani, “wanawake”. Hilo nililiandika upya kila mara, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo.