Kadi ya Shukrani Iliyofika Mapema

Lorraine Tuttle alikuwa dalali wa nyumba kwa miaka kumi na tisa katika mji mmoja wa Connecticut, na hakuna aliyejua kuipamba nyumba ya kuuzwa kama yeye. Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa picha za wenyewe ukutani. Kisha alioka biskuti jikoni ili mnunuzi akiingia apokewe na harufu ya familia yenye amani, hata kama wenye nyumba walikuwa wanauza kwa sababu wameachana. Binti yake Greta alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, Lorraine alimtazama kwa jicho lile lile.

Greta alikuwa na miaka kumi na saba na alipenda konokono. Aliwafuga kwenye mitungi ya kioo katika chumba cha chini ya nyumba, akiwapima na kuandika daftarini nani kala nini. Moyoni alikuwa na chuo kimoja tu, kidogo, juu ya kilima huko Vermont, kwa sababu hapo palikuwa na maabara ya viumbe wa namna hiyo. Alikitaka chuo hicho hadi akawa anakitaja kwa sauti ya chini, asije akakitia mkosi. Lorraine naye alikitaka, ila yeye aliwaza jinsi kibandiko chenye jina la chuo kitakavyokaa kwenye kioo cha nyuma cha gari.

Basi usafi ukaanza. Mwezi wa Agosti mitungi ilitupwa, maana konokono, alisema Lorraine, hawaonyeshi uongozi. Mahali pao katika maombi ya chuo pakachukuliwa na siku nane ambazo Greta aliwahi kupaka rangi ukuta wa shule huko Guatemala. Kwa jinsi mama alivyousimulia, ukuta ule ulikuwa umeokoa nusu ya nchi. Yakaandikwa maswali arobaini ya usaili pamoja na majibu yake. Aliyeulizwa udhaifu wake alitakiwa kusema kwamba anajituma kupita kiasi. Kila Jumapili Lorraine alikaa upande wa pili wa meza, amevaa miwani ya mumewe, akijifanya msaili, na mtoto akatakiwa kujibu bila kuonekana amekariri.

"Tabasamu limechelewa," alimwambia. "Rudia tangu Guatemala."

Mumewe, Dwight, hakuingilia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu Agosti ile alikuwa ameipenda saladi ghafla. Kila asubuhi alitoka na majani matatu manne mkononi kuelekea gereji lilipokaa gari lake. Lorraine aliwatambia majirani kwamba hatimaye mume wake amemsikiliza daktari.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa kadi. Kwao, aliyesailiwa huandika kadi ya shukrani kwa mkono wake, na ikichelewa zaidi ya siku moja mtoto huhesabiwa hana adabu. Binti wa jirani alikataliwa na vyuo vitatu, na Lorraine alishikilia kuwa sababu ni kadi kuchelewa, wala si alama zake za hesabu. Yeye hangekamatwa hivyo. Wiki tatu kabla ya safari alimketisha Greta, akamsomea kadi neno kwa neno, na Greta akaandika.

Walifika chuoni asubuhi moja ya Oktoba. Mwanafunzi aliyewatembeza alikwenda kinyumenyume akiwaeleza habari za maktaba, na Lorraine akamuuliza maswali kumi na moja, mengi yakianza na "sisi". Sisi tutalala bweni gani, sisi tukitaka kubadili somo inakuwaje. Mwishowe yule kijana akamuuliza kwa upole, "Na wewe unaomba nafasi, Bi Tuttle?" Greta alijifanya anatazama mti.

Saa nne Greta akaingia kwa msaili, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Pruitt. Lorraine akabaki mapokezi. Baada ya robo saa alitazama saa yake, kwa kuwa saa nane walikuwa wakisubiriwa chuo kingine mbali na hapo. Ili wakitoka wasipoteze muda, akampa msichana wa mapokezi bahasha yenye ile kadi na kumwomba aifikishe mkononi mwa Bwana Pruitt. Msichana alikuwa mtiifu. Akainuka, akabisha mlango, akaifikisha.

Lorraine aliinuka nusu, akikumbuka kwamba usaili wenyewe haujaisha, akaketi tena. Alikuwa amechelewa.

Dakika moja baadaye mlango ukafunguliwa. Bwana Pruitt alisimama pale na kadi mkononi, na nyuma yake Greta alikuwa ameufunika uso kwa viganja.

"Bi Tuttle," akasema mzee, "binti yako ananishukuru kwa yale niliyomsimulia kuhusu ujana wangu. Ningependa kujua nilisema nini."

Katika miaka kumi na tisa ya udalali Lorraine hakuwahi kukosa neno. "Ulisema vizuri sana," akajibu.

Mzee aliinamisha kichwa na kurudi ndani. Mle chumbani walikaa dakika hamsini, na mara mbili Lorraine alisikia kicheko cha Greta, ambacho hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Aliamini kila kitu kimeharibika. Garini alimuuliza binti yake waliongea nini.

"Aliniuliza napenda nini."

"Ukamwambia Guatemala?"

"Hapana, Mama." Akageukia dirisha.

Barua ilikuja Machi, wakiwa mezani. Greta amekubaliwa. Lorraine alilia kweli, akatangaza kwamba ni ile kadi, kisha akaona maneno ya kalamu ya Bwana Pruitt chini ya barua. Akayasoma kwa sauti: "Konokono ishirini na wanne wanakaribishwa. Waje na daftari lao."

"Konokono gani?" akauliza. "Mitungi niliitupa kwa mikono yangu."

"Ulitupa mitungi," Greta akasema. "Wenyewe walikuwa wameshahama."

Dwight aliacha kutafuna. "Wako gereji, nyuma ya makopo ya rangi," akasema. "Wanapenda saladi."

Lorraine aliwatazama mmoja mmoja. Miezi saba alikuwa akipita pale kila siku na funguo za gari mkononi. Ilimuuma, na hakuficha.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungetuandikia cha kusema," Greta akajibu, bila hasira.

Lorraine akaenda gereji peke yake. Alisimama mbele ya mitungi mipya muda mrefu, akisoma majina yaliyobandikwa kwa mwandiko wa mumewe. Kisha akaanza kuipanga upya, mirefu nyuma, mifupi mbele.