Daku la Paka

Jumanne, kumi la kati la Ramadhani. Alfajiri ilinyesha mvua, kisha likatoka jua kali, na vichochoro vya mtaa wetu wa Malindi vikawa vinafuka mvuke.

Leo ilikuwa zamu ya paka wetu kuondolewa kizazi. Sijui kama nafanya sawa, nimejiuliza sana. Lakini watoto wake wa mwisho walikufa mmojammoja chini ya ngazi, na mwenye nyumba keshasema paka akizaa tena atamtia guniani akamtupe mbali, huko Bwejuu. Simlaumu. Anakaa chini, harufu ilimfika yeye kwanza.

Daktari wa wanyama alituagiza asile kitu tangu usiku. Basi jana baada ya tarawehe nikamwambia mama mkwe, "Mama, paka kesho anafunga."

Akacheka. "Alhamdulillahi, kaingia dini!"

Asubuhi tukamtia kwenye kapu la ukili, tukalifunga kwa kanga. Mama akataka kuja. Njia nzima nilitega sikio. Paka mwenye njaa hulia, na huyu wetu kwa kelele hajambo. Kimya. Nikainua pembe ya kanga: anajilamba. Nikadhani ni hofu, maana hata mimi nikiogopa hunyamaza.

Daktari ni binti mdogo kwangu. Akamwamkia mama, akampima paka uzito, akavuta dawa ya usingizi kwenye sindano.

"Hajala kitu?"

"Hajala," nikajibu, upesi mno.

Nikamshika miguu. Sindano ilishagusa manyoya, mama akainama kumbembeleza: "Vumilia mwanangu, magharibi si mbali. Na daku nshakupa."

Mkono wa daktari ukasimama. "Daku gani, bibi?"

"Wali na dagaa. Kwani nani anafunga bila daku?"

Daktari akaweka sindano chini, akaeleza polepole: paka akilala kwa dawa na tumbo lina chakula, hutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa palepale mezani.

Mama akakaa. "Ya Rabbi, ningemuua."

Nikasema mimi ndiye niliyesema anafunga, wala sikueleza kwa nini. Mama akasema naye angeuliza. Labda kosa tumegawana, ingawa fungu langu naliona kubwa.

"Leo nampa chanjo ya kichaa cha mbwa tu," akasema daktari. "Kesho asubuhi mrudisheni. Na bibi, hana daku."

"Hana. Hata akinililia."

Tulifuturu uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Kichwa cha changu mama akampa paka mapema, akamsimamia mpaka akamaliza, kisha akamfungia chumbani kwake. Dagaa waliobaki akawapeleka kwa jirani. Daku letu leo, kasema, ni chai na mkate mkavu, nyumba isinuke samaki.