Meza ya Kona

Mama yangu hakuwa mgomvi. Ugomvi ni wangu mimi. Yeye alikuwa na tabia mbaya zaidi: akiuliza swali, alisubiri jibu. Angeweza kukusimamia na mwiko mkononi mpaka useme, na wala hakupandisha sauti. Tabia hiyo nusura itukoseshe riziki siku ya kugawa meza za soko jipya.

Ilikuwa miaka ile gesi imegunduliwa baharini, kaskazini kwetu. Mji wetu mdogo ulifurika wageni. Malori ya kwenda Palma, kwenye kambi za gesi, yalipita kutwa, na madereva wake walikuwa na njaa. Mama na mimi tulipika wali wa nazi na samaki kando ya barabara, chini ya turubai, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki sufuria ilikuwa inarudi nyumbani tupu. Ndipo manispaa ikatangaza kwamba biashara za barabarani mwisho. Wote tuingie soko jipya, na asiyepewa meza asiuze.

Soko lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Bati jipya, meza za saruji, bomba la maji. Lakini meza hazikuwa sawa. Za mbele zilitazama barabara, za nyuma zilitazama ukuta wa choo. Bora kuliko zote ilikuwa ya kona, pembeni mwa lango, ambapo dereva angeuona mvuke wa chungu bila kushuka garini. Atakayeipata ile ameula. Atakayetupwa nyuma atapikia nzi. Na sisi hatukuwa na shamba wala mwanamume wa kututafutia, kwa hiyo tulitegemea meza hiyo kwa kila kitu.

Ugawaji ulikuwa mikononi mwa mjumbe mmoja wa manispaa tuliyemwita shefe wa soko, maana kwetu kila mwenye muhuri ni shefe. Alikuwa mtu mcheshi, mteja wetu wa mchana. Siku moja kabla ya mkutano wa kugawa meza alimaliza wali wake, akafuta midomo, akangoja mama aende kuteka maji, kisha akaniinamia.

"Nwambie mamako kesho anyamaze. Kona ni yake."

"Wallahi, shefe?"

"Mimi sinsahau anayenilisha. Lakini iwe siri, eh? Wanawake wenzenu wana roho mbaya."

Nilitamani kumbusu mikono. Mama aliporudi na ndoo nikamnong'oneza, huku nacheka peke yangu. Yeye akaketi kwenye mbuzi, akaendelea kukuna nazi.

"Kanipa kwa nini?"

"Kwa sababu unapika vizuri."

"Na siku wali ukiungua?"

"Mama, usianze."

Akakuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akauliza jirani yetu kapewa wapi. Jirani huyo alikuwa mjane aliyeuza vitumbua kando yetu, na ndiye aliyetupikia wakati wa matanga ya baba. Nikasema jirani atajijua mwenyewe. Mama akachukua nazi nyingine.

Asubuhi tukajaa sokoni: wanawake wa wali, wa mihogo kutoka Mute, wa kanga zinazovushwa mpakani Namoto. Polisi wa manispaa walisimama langoni na virungu. Shefe alipanda juu ya kreti la soda akasema meza zimeshagawiwa ofisini kwa mujibu wa sheria, kila mmoja ataoneshwa yake, na asiyeridhika apeleke malalamiko kwa maandishi, kwa Kireno. Wengi wetu tulikuwa hatujui kuandika hata majina yetu, na yeye alilijua hilo. Akauliza kama kuna swali, huku ameshaanza kushuka.

Cha ajabu, soko zima lilikuwa limetulia. Wanawake wale wale ambao kwa kawaida hugombea hata kivuli walikuwa wamekaa kwa adabu kama wako darsani. Nikadhani ni bahati yetu. Halafu mama akainuka. Nikamvuta kanga. Akaitoa mkononi mwangu polepole.

"Shefe, mlipogawa, nani alikuwepo?"

"Ofisi ilikuwepo, mama."

"Ofisi ni ntu gani?"

Watu wakacheka, wakanyamaza hapo hapo, maana polisi mmoja alisogea. Shefe alitabasamu, lakini macho yake yalinitazama mimi, si mama, na nilielewa. Nilimchukia mama yangu wakati ule, nasema kweli. Nilitaka aketi, achukue kona yake, awaachie wengine ofisi yao.

"Kaa, mama," shefe akasema. "Wapo waliotengewa pazuri na bado midomo haifungi. Nisije nikabadili."

Mama akawageukia wanawake. "Ananisema mimi. Jana nimeahidiwa ile kona ili leo ninyamaze. Basi nimeshindwa."

Nilihisi meza yetu imekwenda. Kisha yule jirani wa vitumbua akainuka taratibu.

"Kona ipi, dada? Ile ya langoni?"

"Ile ile."

"Mbona nimeambiwa mimi?"

Nyuma, mwanamke mmoja wa mihogo akatupa kapu lake chini. "Nyie! Na mimi je?"

Ndipo tukajua kwa nini soko lilikuwa kimya. Kila mmoja alikuja na kona yake moyoni, akimwonea huruma mwenzake. Shefe alikuwa ameigawa meza moja kwa nusu ya wanawake wa mji, na wote walikuwa wametii. Kelele zilizolipuka hapo zilitisha. Polisi wakainua virungu, jirani yetu akasukumwa akaangukia meza ya saruji, akasimama na damu mdomoni. Nilimshika mama nikidhani atarudi nyuma. Hakurudi.

"Mnataka nini?" shefe akapiga kelele.

"Tugawane kama samaki," mama akasema.

Kwetu, wanawake wakinunua samaki kwa pamoja, hupanga mafungu mchangani. Kila mmoja hutoa alama, kitu kidogo tu, halafu huitwa mtu ambaye hakuona nani katoa nini, akaziweka zile alama juu ya mafungu. Alama yako ilipotua, hapo ndipo fungu lako. Umepata vichwa, umepata mikia, hununi. Shefe alilelewa kwa samaki wa namna hiyo, hakuweza kusema haelewi. Akataka mmoja wa polisi wake ndiye aweke alama. Tukakataa. Barabarani kulikuwa na mwanamke aliyeshuka kwenye lori la kutoka Awasse, anangoja usafiri mwingine, hamjui yeyote. Tukamwita.

"Mimi mgeni, mambo yenu siyajui," akasema kwa woga.

"Ndiyo maana tunakutaka," mama akamjibu.

Alisimamishwa nje ya ukuta mpaka tukamaliza kutia alama zetu kwenye ungo: vifungo, kokwa za ukwaju, njiti za kiberiti. Mama alitia kipande cha kifuu. Shemeji yake shefe, mdogo wa mkewe, mwanamke wa chapati ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, alitia kisoda, kifuniko cha chupa. Kisha mgeni akaingia, akapita meza hadi meza. Nilikikodolea macho kile kifuu mpaka yakaniwasha. Mkono wake ulikigusa alipofika kona. Akakiacha, akaokota kisoda, akakiweka. Kifuu cha mama kilikwenda kutua nyuma kabisa, mkabala na choo.

Shemeji yake shefe aliinua mkono kwamba kisoda ni chake. Shefe akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, mmeridhika?"

Wanawake wakawaka. Imechezewa! Irudiwe! Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Yule wa chapati akaanza kulia, akiapa kwamba mgeni yule hajapata kumwona maishani. Watu wakamgeukia mama. Neno lake moja lingetosha kura irudiwe, na sisi tungepata nafasi nyingine. Nilimsihi kwa macho.

"Nilikuwepo," mama akasema. "Nimeona tangu mwanzo mpaka mwisho. Kona ni yake."

Nililia njia nzima kwenda nyumbani, na sikumsemesha mpaka Ijumaa.

Tukahamia nyuma. Harufu ya choo ilikuwa inafika kabla ya harufu ya nazi. Madereva wakasahau kwamba tupo, na sufuria ikaanza kurudi nyumbani na wali. Mimi ndiye niliyebeba sahani kichwani mpaka barabarani, nikizungusha kama mtembeza mikoba, na kila nilipopita kona na kumwona yule wa chapati amezungukwa na wateja niligeuza uso. Mama alikuwa akimsalimia kila asubuhi. Hilo nalo liliniudhi.

Mvua zilipoanza, shefe alirudi na polisi wake. Tajiri mmoja mgeni alitaka safu yote ya mbele afungue mkahawa wa watu wa gesi, kwa hiyo wa mbele wapishe, watatafutiwa pengine. Akaanzia kona. Nadhani aliona hapo ndipo rahisi, kwa sababu ni ndugu.

Tulisikia sauti ya yule mwanamke tukiwa nyuma. "Shemeji, ungenipa wewe meza hii, ningeinuka sasa hivi. Hukunipa wewe. Niliipata kwa kisoda, mbele ya watu."

"Watu gani?"

Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alipita kati ya meza huku kanga inamwanguka, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Nilikuwepo!" Jirani wa vitumbua akafuata, "Na mimi nilikuwepo!" Wanawake wakaacha chapati, mihogo na kanga, wakaja. Polisi mmoja alimkamata mama mkono amtoe nje. Yule wa chapati akaushika mkono wake wa pili, akaung'ang'ania huku analia kama siku ile. Nami nikajikuta katikati yao, nimemsukuma polisi kifuani. Madereva walishuka kutazama. Shefe akaangalia huku na huku, akaona macho ni mengi, akasema atarudi. Tulimngoja kwa hofu muda mrefu, lakini kwa jambo la safu ile hakurudi.

Tuliporudi kwenye meza yetu moshi ulikuwa umetanda mpaka ukutani. Wali wote ulikuwa umeungua. Mama akaushusha, akafunua, akasema, "Haya, wali umeungua."

Siku hiyo hatukuuza hata sahani moja. Asubuhi yake tulirudi na mchele, na meza ilikuwa bado yetu.