Bibi Yuko Majini

Usiku ule nililala bila kumuaga Mama, kwa sababu jioni alikuwa amesema Desemba hii hatuendi Mbamba Bay. Hasemezani na kaka yake, Mjomba Deo, tangu tulipoanua matanga ya Bibi. Mjomba anataka nyumba ya Bibi, ile ya ufukweni, ipangishwe kwa wageni. Mama alimjibu kwamba hatakanyaga tena pale. Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi kitu. Hata darasani nikijua jibu naangalia dawati.

Nikamwona Bibi. Alikuwa amesimama ziwani, maji yamemfika kiunoni, kanga kuukuu imefungwa kifuani, mkononi ameshika dodoki na kipande cha sabuni ya mche. Nilijua amekufa, naye alijua kwamba najua, lakini hatukuona haja ya kulizungumza.

"Shikamoo, Bibi," nikasema nikiwa mchangani.

Hakuitikia. Ndipo nikakumbuka. Kwa Bibi hakukuwa na salamu kabla ya kuoga. Kila Desemba wanawe walipofika na familia zao, wengine kutoka Dar, wengine Mbeya, sisi kutoka Songea, hakumpa mtu mkono wala hakumfungulia mlango. "Kwanza ukaoge," alikuwa akisema, kisha anaingia nao ziwani, watu wazima wenye vitambi na mvi, anawasugua migongo mmoja mmoja. Wakitoka hapo ndipo wanasalimiana, tena kwa majina ya utotoni. Kwenye msiba wake tuliingia wote ndani moja kwa moja na vumbi letu la safari. Hakuna aliyekumbuka. Ugomvi ukaanzia sebuleni.

Nikaingia majini na sketi yangu ya shule. Hayakuwa ya baridi.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema.

Sasa Mjomba Deo yuko mbele yake, kavaa suruali ya ofisini na tai, na Bibi anamsugua mabega kama anayesugua sufuria.

"Tumbo hili umelitoa wapi? Sikukuzaa nalo."

"Mama, watu wananiona. Mimi ni mkuu wa idara."

"Inama, mkuu wa idara."

Mjomba anainama. Mama Mkubwa naye yupo nyuma yake, kashika miwani juu juu isilowe, anangoja zamu, anacheka kimya kimya. Kisha hatupo ziwani, tupo sebuleni kwa Bibi, lakini maji yapo vilevile, yamefika kwenye vitambaa vya makochi, na Bibi anaendelea kusugua kana kwamba hakuna kilichobadilika.

"Mtoto akikua unaanza kumwogopa," anasema. Sijui anasema na mimi au na sabuni. "Anashuka kwenye gari, simu inalia, anaongea na watu nisiowajua. Nilikuwa nawatazama hawa najiuliza, ni wa nani? Nikishawalowesha ndipo nawajua. Kovu hili la mgongoni, nililifunga mimi."

Sikujua kama Bibi aliwahi kumwogopa mtu. Nilidhani anawaosha kwa ukali tu.

Anatazama mlangoni. Mkono unasimama.

"Mmoja hajaja."

Naona aibu, kama vile ni mimi niliyemficha Mama. Namwambia, "Mama anasema nyumba yako isipangishwe."

"Nyumba ni matofali. Waipangishe, waiachie popo, shauri yao. Mwambie mama yako aje aoge na kaka yake kwanza, ndipo wagombane."

"Mwambie mwenyewe, Bibi. Mimi siwezi."

"Mimi nimeshika sabuni," anasema, na ananigeuzia mgongo, anamrudia Mjomba. Maji yanapanda. Wale wawili wanazidi kuwa wadogo, sasa ni watoto kabisa, wanatetemeka, na Bibi bado anatazama mlangoni.

Nikaamka. Jogoo wa jirani alikuwa anawika na Mama alikuwa jikoni anakoroga uji. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikayasema yote kwa mara moja bila kupumua, nikitazama sakafu. Mama hakugeuka, lakini mwiko ulitulia.

"Alikuwa anamsugua nani?"

"Mjomba Deo. Halafu Mama Mkubwa alikuwa anangoja."

"Na mimi je?"

Ningeweza kudanganya. Nilitamani.

"Wewe hukuwepo, Mama. Alisema mmoja hajaja. Nilipoamka nilimwacha bado yuko majini, anakungoja."

Mama akaepua uji kabla haujaiva, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda chumbani kutafuta simu.