Mama Ndani ya Ziwa la Vättern

Mama alikuwa akitunza wazee huko Uccle, mtaa wa Bruxelles, kwa miaka mingi bila kwenda likizo hata moja. Dada yake mdogo, aliyepata hifadhi Uswidi wakati sisi tulipofikia Ubelgiji, alimwita kila kiangazi, na kila kiangazi mama alipata sababu. Halafu mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, alisema tu, "Bon, twende." Tukatoka Molenbeek, mtaani kwetu, asubuhi kwa gari langu dogo.

Hatukuwa na haraka. Tulilala Denmark, tukavuka daraja refu juu ya bahari, kisha msitu ukaanza: misonobari, nyumba nyekundu za mbao, na kila tulipopita kilima, ziwa.

"Ingine tena!" mama alishangaa, paji la uso likiwa kwenye kioo.

Mama mdogo alitupokea kando ya ziwa la Vättern, tukapanda kivuko hadi kisiwa kimoja ziwani, alikokuwa ameazima kibanda cha mbao. Mbele ya kibanda maji yalikuwa angavu kiasi kwamba niliona kivuli cha mashua iliyokuwa ikipita kikitembea juu ya mawe ya chini. Mama mdogo akainama, akachota kikombe, akanywa.

"Mayi ya ziwa? Hivi hivi?" mama aliuliza.

"Kunywa, dada."

Alikunywa polepole. Kisha akavua viatu, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kuingia. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani.

"Maman, ni baridi!" nilipiga kelele. Hakugeuka. Akazama.

Nilikimbilia majini na viatu vyangu. Mama mdogo akanishika mkono huku akicheka.

"Mwache. Haukujua? Ni yeye alinifundisha kuogelea, kule kwetu, kisiwani Idjwi."

Sikujua. Nilijua alizaliwa kisiwani kule, lakini mama niliyemjua mimi ni yule wa metro na mfuko wa dawa za wagonjwa wake. Sasa aliibuka mbali, kichwa chake kidogo kwenye maji mapana, mikono ikienda taratibu bila kurusha tone. Jua lilikuwa bado juu ingawa watu walishakula chakula cha jioni. Nilisimama pale, suruali imelowa, nikaogopa hata kumwita.

Alipotoka, midomo ikitetemeka, nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Haukuniulizaka," alijibu. "Na piscine ya Bruxelles, maji yake ya kuogelea inanuka dawa."

Siku zilizobaki aliingia ziwani kila asubuhi. Siku ya tatu aliniita na mimi, mtu mzima nisiyejua kuogelea. Akanilaza chali juu ya maji, akaweka kiganja chake chini ya mgongo wangu.

"Legeza shingo, mutoto yangu. Angalia mbingu tu."

Nikaangalia. Sikuhisi hata alipouondoa mkono; nilikuwa nikielea.