Geti la Nyumbani kwa Mama Yuditha

Fataki zilipolipuka kwenye harusi ya binamu yake, Eliona hakujua alifikaje chini. Alijikuta amemlalia bibi harusi kwenye nyasi, amekikandamiza kichwa chake chenye shela, anapiga kelele, "Usiinuke! Usiinuke!" Muziki ukazimwa. Watu wa Kirua Vunjo, pamoja na wale waliopanda kutoka mijini kuja kula Krismasi nyumbani, walibaki wakimtazama.

Eliona alikuwa askari wa akiba, mmoja wa wanawake wachache. Aliitwa kwa kuwa alijua kuendesha malori makubwa, akapelekwa na kikosi cha kulinda amani mashariki mwa Kongo. Huko msafara wao ulishambuliwa. Mwenzake aliyekaa kando yake alipigwa risasi, na kusimamisha lori hakukuwezekana. Eliona aliendesha mpaka kambini huku akiongea na mtu aliyekwisha kufa. Aliporudi nyumbani alipongezwa sana, wala hakuna aliyemuuliza neno. Usingizi ukamkimbia. Harufu ya dizeli ikawa inamtapisha.

Baada ya harusi ile kaka yake, Ebenezeri, mzee wa usharika, akatoa amri. "Utakaa ndani. Tutaleta watu wakuombee, na habari hii isivuke migomba yetu."

Walikuja wakaomba, na Eliona akaitikia amina kwa moyo wote. Usingizi haukurudi.

Ndipo Sadallah, waliyekuwa naye Kongo, akampigia simu. Alikuwa seremala Rau, mjini Moshi, na kwenye karakana yake askari waliorudi walikutana kila Jumamosi na muuguzi wa afya ya akili. "Mimi nilikuwa nalala uvunguni mwa kitanda, dada," alisema bila kuona haya. "Njoo."

Siku ya kwanza Eliona alikaa pembeni. Alichukua kipande cha mbao akakipiga msasa mpaka vidole vikamuuma. Baadaye, siku nyingine, alilitaja jina la marehemu, na wote wakamngoja amalize. Muuguzi akampeleka kwa daktari, akaanza dawa.

Ebenezeri alipopata habari alilipiga geti kufuli.

"Huendi tena kwa vichaa. Nani atakuja kuposa binti zangu?"

"Nifungulie, Kaka."

"Nimesema huendi."

Eliona aliinama, akalishika geti upande wa bawaba, akajaribu kulinyanyua litoke. Likagoma. Mama yao, Yuditha, ambaye hakuwa amelizungumzia jambo hilo tangu harusini, akatoka zizini akijifuta mikono kwenye kanga, akalishika geti kwa chini.

"Mama! Nawe unavunja nyumba?"

"Geti hili nililinunua kwa maziwa ya ng'ombe wangu," alisema Yuditha. "Nyanyua, mwanangu."

Likang'oka, likaangukia mibuni. Eliona alilikanyaga akapita, akateremka barabarani kutafuta gari la Moshi.

Hakuishia hapo. Usiku ulikuwa bado mgumu kwake, na lori hakuwa ameligusa, lakini aliwaalika wenzake wote Kirua, mchana, uani, mbele ya kila apitaye. Ebenezeri akambembeleza, "Basi waambie majirani ni kikundi cha kuweka na kukopa."

"Nitawaambia kilivyo."

Wakaja, Sadallah mbele. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, karibuni," akajibu Yuditha, akawapakulia mtori wa ndizi na nyama. Haikuchukua muda, Mama Kindness wa jirani akachungulia juu ya ua.

"Eliona, wageni wa wapi hao?"

"Ni askari, mama. Tulirudi kutoka vitani tukiwa wagonjwa wa akili. Tunatibiwa." Alisema kwa sauti ya kufika barabarani.

"Na wewe?"

"Na mimi. Karibu mtori."

Mama Kindness alimtazama Ebenezeri aliyesimama mlangoni, kisha akamtazama tena Eliona, ambaye hakuinamisha uso.

"Ngoja niwape ng'ombe majani," alisema, "nakuja."