Hapa wanakula watu wote

Juzi, karibu na soko, nilikuta fundi wa rangi anaandika kwenye ukuta wa restora mupya: HAPA WANAKULA WATU WOTE. Najua anakaribisha kila muntu, lakini nikarudi nyuma, mimi muntu muzima na ndevu zangu.

Maneno ile nilikutana nayo utotoni, siku tulitoka Niemba na treni, mara yetu ya kwanza kufika Kalemie. Njaa ilikuwa imetushika wote. Papa hakujua kusoma, kwa hiyo mimi njo nilikuwa macho ya familia. Mbele ya restora moja akaniambia, "Soma, tujue kama tunaingia."

Nikasoma kwa sauti, nikaganda. Wanakula watu! Tena wote!

Harufu ya mawese ilitoka ndani, tamu sana, na ule utamu njo uliniogopesha zaidi. Nyuma ya nyumba kinu kililia pu, pu, pu. Leo najua walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Siku ile nilisikia mifupa.

Mama mwenye restora akatoka na kisu chenye damu ya samaki, akamushika mudogo wangu shavu. "Weee, kanono haka! Karibuni ndani!"

"Papa, tukimbie! Wanakula watu!"

Mama yetu akamuvuta mudogo wangu, akamuficha nyuma yake. Papa akaangalia ukuta, akaangalia masufuria, akanusa tena. Kisha akanisukuma kwenye mulango.

"Wewe umekonda," akasema. "Ingia kwanza. Wakikuacha, tutakufuata."